Mashindano ya redio ya saa 48: mwanao atalala lini?

Mtoto wa Karatu hukua akisikia redio ya upepo. Madereva wa watalii wanaopanda Ngorongoro huitana humo kutwa nzima: simba wako wapi, nani amekwama kwenye tope, getini kuna foleni gani. Si ajabu basi kijana wa kidato cha pili akirudi nyumbani na kusema anataka kushiriki mashindano ya redio, na mzazi akabaki hajui aruhusu au akatae.

Kuruhusu ni jambo jema, ila mzazi ajue kwanza anaruhusu nini. Redio ya ridhaa si ya kupiga muziki wala kutangaza. Ni mawasiliano ya watu binafsi wenye leseni, ambayo hapa nchini hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na majina ya vituo vyetu hewani huanza na 5H. Mtoto asiye na leseni akae kwenye kituo cha mtu mzima aliye nayo, chini ya macho yake. Kununua mtambo mtandaoni na kuanza kurusha mawimbi chumbani ni kujitafutia kesi.

Shindano linalovuta watu wengi ni CQ World Wide. La sauti hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, na la Morse ya mwisho ya Novemba. Mazungumzo yake ni mafupi kuliko salamu za Kiswahili: jina la kituo, kisha 59, yaani nakusikia vizuri, kisha 37, namba ya kanda iliyomo Tanzania. Basi. Kituo cha Ujerumani au Japani huleta pointi 3, cha Kenya pointi 1, halafu jumla huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda zilizopatikana. Vituo vya Tanzania hewani ni vichache, hivyo 5H ikisikika watu huiita kwa pamoja kama abiria wanaogombea basi. Kijana afundishwe mapema kushika herufi mbili tatu alizozisikia, azirudie, amalize na huyo mmoja ndipo amchukue mwingine.

Tatizo ni saa. Shindano hudumu saa 48 mfululizo. Kwa saa zetu huanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na kumalizika saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, na Jumatatu ni shule. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Akikosa usingizi siku mbili, hata huko hewani huanza kukosea: anaandika herufi zisizo zenyewe, na mawasiliano yaliyoandikwa vibaya hufutwa. Kwa hiyo mzazi anayemlazimisha mtoto kulala hamharibii shindano, tofauti na mtoto atakavyodai.

Njia rahisi ni kuingia kama kundi. Kanuni zinaruhusu kituo kimoja kuwa na waendeshaji kadhaa wanaopokezana. Watu wazima wachukue usiku, watoto wachukue mchana, na hilo halimnyimi mtoto utamu wowote, kwa kuwa masafa ya mita 10 na 15, yanayofikisha sauti mbali wakati wa mchana, kwa kawaida hufifia usiku ukisonga. Ijumaa alale kama siku zote, aamke alfajiri. Jumapili saa mbili usiku aagane na redio, akaoge, alale.

Kisha kuna baridi. Karatu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Usiku wa manane mtu huona ni busara kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Isifanyike, hata kwa dakika chache. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na mtu anayesinzia hawezi kujua inamuingia. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwashika watu wawili chumba kimoja, wote watoke nje mara moja na wapelekwe hospitali. Jenereta nalo hutoa gesi hiyohiyo, likae nje mbali na madirisha na milango. Blanketi, soksi na chupa ya chai vinatosha kabisa.

Waya wa antena kwa masafa ya mita 20 huwa na urefu wa kama mita 10, na kishawishi ni kuurusha juu ya mti wowote ulio karibu. Mtu mzima aangalie kwanza nyaya za TANESCO. Antena au nguzo yake ikianguka upande wowote, isiweze kuzifikia. Oktoba na Novemba ni majira ya vuli, kwa hiyo radi ikianza kunguruma antena ichomolewe mtamboni, watoto wakae ndani mbali nayo, na kazi isirudiwe hadi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Pointi zitapotea, ndiyo.

Wapo watakaotamani kupeleka kituo ndani ya hifadhi. Chini ndani ya kreta si pazuri, maana kuta zake za mita 600 hivi huzuia mawimbi yanayosafiri chini karibu na upeo. Ukingoni pangefaa zaidi, kwa kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, lakini huko kuna nyati na tembo, na waya ukikatika saa nane usiku mtoto hatumwi kwenda kuuangalia. Rhotia au Karatu mjini kunatosha.

Masikio nayo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidishe desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa zinavyopungua. Sauti ya spika za masikioni isizidi asilimia 60, na kila saa moja mtoto avue, anywe maji ya uvuguvugu, atembee. Akisikia mlio masikioni baada ya kuvua, zamu yake imeisha.

Kwa mtoto anayeanza, Jamborii ya Hewani ya maskauti, iliyoanza 1958 na ambayo sasa hufanyika kila Oktoba, ni mlango mzuri zaidi, kwani haina mshindi. Shindano la vijana la YOTA ni la saa 12 tu, na badala ya namba ya kanda mshiriki hutaja umri wake. Asiye na kituo karibu afungue kwenye simu kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, asikilize bure wikiendi ya mashindano huku akiandika majina ya vituo kwenye daftari.