Mwenye Mbio na Vitabu Vyake

Mitihani inapokaribia, neno moja husikika sana katika shule za Kasulu na Kibondo: kwamba wanafunzi wa Kidato cha Nne wasionekane tena uwanjani, kwani michezo yawapotezea wakati. Wazazi wengi hulikubali neno hili, na baadhi ya walimu pia. Mimi silikubali, wala si kwa kuwa napenda mpira. Sababu yangu ni habari za Mtanzania mwenzetu, Bwana Suleiman Nyambui.

Bwana Nyambui alizaliwa mwaka 1953 upande wa Mara. Siku za ujana wake mbio zilikuwa na mashaka yake. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilikataa kwenda Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini wakimbiaji wetu walikaa nyumbani. Basi aliyetegemea miguu peke yake alikuwa na nini cha kushika?

Yeye alishika kitabu. Alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na huko, tangu mwaka 1979 hata 1982, alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mbio za mita 10,000, miaka minne mfululizo. Alipopata ubingwa wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 26. Wale wenzetu wanaoona haya kukaa darasani na wadogo zao, na wafikiri kidogo hapo.

Katikati ya masomo hayo, mwaka 1980, alikwenda Moscow akatwaa medali ya fedha katika mita 5,000. Miruts Yifter wa Ethiopia alimshinda kwa muda usiotimia sekunde moja! Katika Michezo hiyo hiyo Bwana Filbert Bayi alipata fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Tangu siku hizo hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania haikupata medali nyingine ya Olimpiki.

Baadaye Bwana Nyambui alishinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Miguu ikachoka, kama ichokavyo miguu ya kila mtu. Je, akawa mtu wa kukaa barazani na kusimulia ya zamani? Hasha. Aliwahi kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha taifa, na pia alifundisha riadha katika nchi ya Brunei. Ukatibu ni kazi ya barua, hesabu na mikutano. Haifanywi kwa mapafu.

Lakini nisiwapendelee wanamichezo wenzangu. Wapo ambao uwanja kwao ni maficho ya kukimbia hesabu, na siku ya mazoezi wakirudi huleta usingizi darasani. Hao mwalimu ana haki ya kuwazuia, mmoja mmoja, mpaka madaftari yao yatengenee. Ila kumzuia mwenye bidii kwa ajili ya mvivu si haki.

Tena sisi watu wa Buha hatukukosa mahali pa kufanyia mazoezi. El Paso iko mita zipatazo 1,100 juu ya bahari. Milima yetu imeupita mji huo. Watoto wetu, wasichana hasa, hupanda na kushuka vilima hivi kila siku na ndoo za maji kichwani, na hakuna aliyewahi kuwapimia muda. Nani ajuaye miguu iliyopo hapa?

Kwa hiyo nawaomba wazazi na walimu walitazame jambo hili katika mkutano ujao: Kidato cha Nne waachiwe siku mbili kwa juma, toka saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, wavulana na wasichana, kisha warudi kwenye masomo ya usiku. Saa ya mkononi ya kupimia mbio yatosha kuanzia.