Baridi haikuvimbisha kidole changu

Niliambiwa ni baridi mwezi wa Februari, Dar es Salaam, feni ikizunguka bila kupoza kitu na muuza dawa akijifuta jasho shingoni. Kidole changu cha pete cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba chote, kuanzia shina hadi kwenye kucha, kimejaa kama soseji na hakikunjiki. "Hiyo baridi yabisi, dada," akasema, akanihesabia vidonge vya diklofenaki. "Usioge maji ya baridi, na usiku vaa soksi." Nilimshukuru. Nikaendelea kurudi kwake kwa miaka miwili.

Simlaumu peke yake. Alisema ambacho mama yangu angesema, na jirani, na konda wa daladala. Neno lenyewe ni la kale. Waganga wa pwani waliorithi tiba ya Kiyunani kupitia kwa Waarabu waliupima mwili kwa hari na baridi, yabisi na rutuba, na kwao ugonjwa ulikuwa kupotea kwa mizani hiyo. Elimu ile imesahaulika, jina limebaki, nasi tunalibandika juu ya kila kiungo kinachouma: goti la bibi, gauti ya mjomba, mgongo wa kijana wa bodaboda. Na mtu akishapewa jina la ugonjwa wake, haulizi tena.

Imani hii ina nguvu kwa sababu inafanana sana na ukweli. Asubuhi nilikuwa siwezi kufungua chupa ya chai. Naikumbatia kifuani, nazungusha kifuniko kwa viganja vyote viwili, machozi yananilenga. Ikifika saa nne vidole vinalegea, naandika kama kawaida. Nani asingesema baridi ya usiku imeingia na jua limeitoa? Lakini kukakamaa kwa asubuhi kunakozidi nusu saa, kunakopungua kadiri unavyojisogeza, ni alama ya kiungo kinachowaka kwa ndani, kinachoshambuliwa na kinga ya mwili wenyewe. Goti lililochakaa kwa umri kwa kawaida hufanya kinyume chake: ukilitumia linauma, ukilipumzisha linatulia. Basi dalili ambayo ingetupeleka kwa daktari ndiyo tunayoishika kuwa ushahidi wa baridi!

Ugonjwa wangu ni wa viungo, lakini unatokana na soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wenye mabaka yanayotoa magamba kwenye viwiko, magoti na kichwani. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo mara nyingi huwa ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokolea, si mekundu kama kwenye picha za vitabuni, ndiyo maana wengi wetu huyapaka dawa ya fangasi miaka nenda miaka rudi. Hadi watu 3 kati ya 10 wenye soriasisi huja kuugua viungo, wengi wakiwa na umri wa miaka 30 hadi 50. Hapo uzee tunaousingizia uko wapi? Mara nyingi ngozi hutangulia, hata kwa miaka 10. Kwa wachache viungo ndivyo huanza.

Mimi nilikuwa na mba isiyoisha tangu chuoni, na msusi wangu aliiona kila mwezi. Kucha zangu zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama zimedungwadungwa kwa ncha ya sindano, na mbili zilikuwa zimeanza kubanduka. Kisigino kiliuma pale kano nene ya nyuma inaposhika mfupa, nikabadilisha viatu. Hakuna aliyeviweka hivi vyote pamoja, hata mimi, kwa kuwa jibu tulikuwa nalo tayari.

Hata hospitali jibu hilo lilinifuata. Nilipimwa damu, kile kipimo cha RF cha kutafuta ugonjwa wa viungo kikatoka hasi, nikaambiwa sina kitu, ni baridi tu. Kumbe kwa ugonjwa huu kwa kawaida hutoka hasi. Unatambuliwa na daktari anayekuvua viatu, anayekagua kucha na ngozi ya kichwa, anayeuliza asubuhi yako ikoje. Wengine hukutwa na asidi ya yuriki iliyopanda, jambo ambalo soriasisi yenyewe inaweza kulisababisha, wakaitwa wagonjwa wa gauti na kukatazwa nyama bure.

Wapo watakaosema jina halidhuru. Linadhuru. Madaktari wa Ireland walionyesha mwaka 2015 kwamba kuchelewa zaidi ya miezi 6 kabla ya kufika kwa mtaalamu wa viungo huendana na mifupa kulika, na pia mtu kushindwa kazi zake baadaye. Mimi nilipoteza miezi 24. Na wapo wanaodungwa "sindano ya baridi" vichochoroni. Ikiwa ni steroidi, maumivu yatatoweka, na siku ikikatizwa ghafla soriasisi inaweza kulipuka mwili mzima.

Najua wataalamu wa viungo kwetu ni wachache na dawa mpya za kibayolojia ni ghali mno. Lakini methotreksati, inayomezwa mara moja kwa wiki na kamwe si kila siku, ni dawa ya zamani na inasaidia wengi, mradi daktari afuatilie damu na ini. Na mlango unaweza kuwa kliniki ya ngozi: pale hospitali ya KCMC, Moshi, wataalamu wa ngozi wanafundishwa tangu 1992. Mwenye mabaka na kidole kilichovimba aanzie huko, aonyeshe vyote viwili siku hiyo hiyo.

Mama bado hunipigia simu: "Mwanangu, umevaa sweta?" Nikienda kwake milimani navaa, maana joto kweli hutuliza. Kidole cha kulia hakikunyooka tena. Pete niliihamishia mkono wa pili. Mwaka jana kidole cha kati cha kushoto kilivimba vilevile. Safari hii nilikuwa kliniki ndani ya wiki mbili, na leo kinakunja ngumi.