Mshauri wa chuo si mhubiri wala si askari

Wiki hii nimeiweka kando habari ya karo niliyokuwa nimekuandalia, kwa sababu ya barua iliyonifikia kutoka Mambrui, kule ng'ambo ya mto Sabaki ukitoka Malindi. Aliyeiandika ni mama wa watoto wanne. Kifungua mimba wake, msichana, yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Kikristo huko bara. Mama amenikubalia niitumie barua yake mradi nisitaje jina la mtu wala la chuo.

Bintiye alipokuja likizo ya Krismasi, alikuwa mtu mwingine. Samaki wa kupaka, ambaye zamani alikuwa akimgombania na nduguze, alimtazama tu. Alilala hadi adhuhuri. Mama akadhani ni uchovu wa mitihani. Wiki chache baada ya kurudi chuoni, binti akapiga simu usiku, akasema: "Mama, siku hizi sioni kwa nini niamke."

Chuo kimempa nafasi ya kuonana na mshauri nasaha wao, na hapo nyumba imegawanyika. Baba anasema mtoto aombewe, hayo mengine ni mambo ya Wazungu. Hofu ya mama ni nyingine kabisa. Ameandika: "Sisi ni jirani wa Shakahola. Nitamwachaje mwanangu aingie chumbani na mtu wa chuo cha kanisa, mlango ufungwe?"

Wewe unayesoma haya ukiwa Nairobi au Nakuru, usimcheke. Katika msitu wa Shakahola, humo humo Malindi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka wa 2023. Waliokwenda huko waliaminishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Waliacha jamaa zao, wakawatoa watoto shuleni, wakaipa hospitali kisogo. Mzazi aliyeyaona hayo ana haki ya kuuliza ni nani anayezungumza na mwanawe na anamwambia nini.

Lakini dada yangu, kumbuka na jambo hili. Jamaa za waliopotea walipofurika Malindi kuwatafuta watu wao, Msalaba Mwekundu uliweka dawati la kupokea majina, na palikuwa na washauri nasaha wa kuketi na wale waliokuwa wakilia. Hao nao walizungumza na watu faraghani. Hawakumwambia mtu aache jamaa yake. Walimsaidia kubeba habari aliyoipata, kisha wakamrudisha kwa watu wake.

Hapo ndipo pa kumpimia mshauri. Anayemwambia mwanao asiseme lolote nyumbani, atupe dawa, au asionane na daktari, huyo si mshauri hata akiwa na ofisi yenye zulia. Mshauri wa kweli anauliza zaidi ya anavyosema. Haamui kwa niaba ya mtu. Na siku binti atakapotaka kuacha kumwendea, ataacha.

Vyuo vya Kikristo katika nchi yetu si wageni wa kazi ya kuangalia roho za watu. Chuo Kikuu cha St. Paul's, ambacho leo kiko Limuru, kilianzia kwetu pwani, Frere Town, Mombasa, mwaka wa 1903, kikifundisha makasisi. Kwa miaka mingi mwanafunzi mwenye shida katika vyuo vya namna hiyo alikuwa na kasisi tu wa kumwendea. Ushauri nasaha kama taaluma ulifuata baadaye, na leo Chuo Kikuu cha Daystar, kwa mfano, kinaufundisha hadi shahada za juu. Kwa hiyo baba watoto asiseme ni mambo ya Wazungu. Wanaoifanya kazi hiyo ni watoto wetu, na Kiswahili wanakijua.

Na kuombewa je? Aombewe, nani amekataa? Kasisi wa chuo yupo kwa ajili hiyo. Binti anaweza kumwona kasisi asubuhi na mshauri jioni, na mmoja asimwonee mwenzake wivu. Hata jirani zako Waislamu wa Mambrui wenye watoto katika vyuo kama hivyo wasiogope. Mshauri anayeijua kazi yake hamlazimishi mtu kusali sala isiyo yake.

Sasa nije penye uchungu wenyewe. Mwanafunzi wa chuo cha Kikristo mara nyingi hutia sahihi anapoingia, kwamba hatakunywa pombe, hatafanya zinaa, na mengineyo. Mimi siipingi sahihi hiyo. Lakini fikiria msichana aliyeshika mimba, au mvulana aliyeanza kulewa ili apate usingizi. Akisikia kwamba mshauri huyo huyo hukaa katika kamati ya nidhamu, atakwenda kumwambia nini? Atakwenda kusema kichwa kinamuuma, apewe Panadol, arudi bwenini na siri yake.

Niliwahi kutembelea chuo ambacho ofisi ya mshauri ilikuwa mlango wa pili kutoka kwa mhasibu. Foleni ya karo yote ilimwona kila aliyeingia na kila aliyetoka akifuta macho. Nilipouliza wanafunzi wangapi huja, niliambiwa ni wachache, "kwa sababu wetu wana imani." Nilinyamaza kwa adabu. Leo sinyamazi. Hawaji kwa sababu wanaonekana.

Kwa hiyo, mama, piga simu chuoni uulize mambo mawili. Uliza kwanza kama mshauri amesajiliwa, maana tangu mwaka wa 2014 tuna sheria ya washauri na wanasaikolojia inayotaka hivyo. Uliza pia kama ana kiti katika kamati ya nidhamu. Wakikuambia anacho, omba bintiyo apelekwe kwa mshauri wa nje. Usione haya; wewe ndiye unayelipa karo.

Yale binti atakayoyasema huko, usidai kuambiwa. Najua ni vigumu. Siri hiyo ina mpaka mmoja mkubwa: maisha yakiwa hatarini, mshauri hana budi kuwaita wengine wamsaidie kumlinda.

Na hapo nakuomba usichelewe. Maneno aliyokuambia usiku ule si ya kungojea muhula ufungwe. Mpigie leo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu kwamba kuna mtu ameona. Akisema ndiyo, asilale peke yake. Mwombe anayekaa naye chumbani au msimamizi wa bweni awe naye, na apelekwe hospitali usiku huo huo. Wala asihofu polisi. Sheria ya zamani ilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, lakini Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba.

Ukiweza kupata nauli, panda basi la usiku kutoka Malindi uende ukamwone. Si lazima uingie naye kwa mshauri. Kaa nje kwenye benchi, umngoje. Mzee wako naye, akitaka kwenda, mchukue, na Biblia yake aichukue. Kisha niandikie tena, dada, unieleze mlango ule mliukuta uko upande gani.