Kilichobaki Kina Sababu Yake

Wasee, najua mnanifuata kwa sababu ya video za chakula cha mtaani na nyumba za kupanga Rongai. Leo naongea juu ya uwindaji Marekani. Usitoke kwanza. Hii stori ina zaidi ya shilingi 60,000 za binamu yangu, na mimi ndiye nilimsaidia kuzipoteza.

Binamu yangu anaishi Texas. Anafanya kazi ya usiku, anatunza wazee. Wenzake kazini wamekuwa wakimwambia kila mwaka, twende Colorado tuwinde elki. Elki ni jamii ya kulungu, lakini toa ile picha ya swala kichwani. Jike peke yake anaweza kupita kilo 200. Kwa mtu anayeishi peke yake, hiyo ni friza imejaa karibu mwaka mzima. Binamu ni mtu wa nyama na ni mtu wa kuhesabu doo, akaona hapo kuna maana.

Sasa, huko huwezi kuamka tu ukachukua bunduki ukaenda msituni. Wanyama ni wa umma, na kila jimbo hugawa vibali vyake. Colorado, kazi hiyo ni ya idara inayoitwa Colorado Parks and Wildlife. Ukitaka eneo zuri unaingia droo. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Aprili. Ukikosa lile eneo uliloweka la kwanza, unapata pointi ya kukusaidia mwaka unaofuata, na kuna maeneo ambayo bila pointi zaidi ya 20 hata usijisumbue. Yaani kuna mtu alianza kuomba wewe ukiwa nasari na bado anangoja.

Halafu binamu ni mgeni. Kuitwa mkazi wa Colorado lazima uwe umeishi huko miezi 6 mfululizo. Mgeni anapewa fungu dogo la vibali na analipa mara kadhaa zaidi ya mkazi. Na mlango unazidi kuwa mwembamba. Tangu 2025, mgeni anayewinda elki kwa mshale upande wa magharibi wa jimbo hawezi tena kununua leseni tu kaunta, lazima apitie droo. Kuanzia 2028, kwa elki na wanyama wengine kadhaa, robo tatu ya vibali vya droo vitakuwa vya wakazi, na robo ndiyo ya wageni.

Mtu kama binamu anaingilia wapi? Kwa mabaki.

Iko hivi. Droo ya kwanza ikiisha, kuna ya pili mwezi wa Juni, na hapo vijana walio chini ya miaka 18 ndio hutangulizwa. Vibali ambavyo havijachukuliwa hata baada ya hiyo huwekwa kwa orodha na kuuzwa mapema Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi ya huko. Anayewahi ndiye anayepata. Hakuna pointi inayotakikana, na zile ulizo nazo haziguswi. Ukiwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji na pesa, umeingia. Hata baada ya siku hiyo, leseni ambazo watu wamerudisha huuzwa tena kidogokidogo.

Kila jimbo lina mtindo wake. Montana unajiandikisha kwa orodha, majina yanachanganywa bila mpango, kisha wanakutumia barua pepe zamu yako ikifika. Idaho kwa miaka kadhaa wageni walikuwa wanapiga foleni ya mtandaoni tarehe 1 Desemba, kompyuta inakupa namba, unaomba Mungu. Colorado ni mbio.

Na saa tatu asubuhi ya Colorado mwezi wa Agosti ni saa kumi na mbili jioni hapa kwetu. Hapo ndipo mimi niliingia. Binamu hana wakati wa kusoma ramani, mimi naishi kwa intaneti. Akaniomba nimfanyie risachi. Nikakaa wiki mbili nikisoma maeneo, misimu, barabara, milima. Manze, chuo sikuwahi kusoma hivyo.

Siku ikafika. Binamu alikuwa ametoka shifti, hajalala. Mimi niko kwa simu naye, bando imejaa, ramani imefunguka. Tulikuwa na chaguo tatu. Mbili za kwanza zilipotea kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Ya tatu ikaenda tukiiangalia. Kisha nikaona nyingine, jike la elki, eneo ambalo nilikuwa nimelisoma, na vibali vingi tu vimebaki. Sikufikiria. Nilipiga kelele, "Chukua hiyo! Lipa!" Akalipa. Dola zaidi ya 500.

Tulicheka, tukapongezana. Usiku nikiwa kitandani nikafungua skrinshoti niliyopiga ili niangalie vizuri.

Wacha niwaonyeshe nilichoona. Leseni za huko zina kodi ya herufi na namba nane. Ya kwanza ni mnyama, E ni elki. Ya pili ni jinsia, F ni jike. Kisha namba tatu za eneo. Kisha herufi na namba za msimu. Mwisho ni silaha, R ni bunduki. Sasa pale kwa msimu, kawaida utaona O. Yetu ilikuwa na P. P maana yake ni ardhi ya watu binafsi pekee. Hiyo leseni haifanyi kazi kwa msitu wa umma, hata hatua moja. Lazima upate mwenye shamba akuruhusu kwake.

Ndiyo maana zilikuwa nyingi. Hazikuwa zimefichwa, na hatukuwa na bahati. Watu elfu kadhaa walikuwa wameona hiyo P na kuipita, kwa sababu hawajui mwenye ranchi hata mmoja. Mimi nilikuwa nimesoma maana ya hiyo herufi siku kumi kabla, kwa kitabu chao cha mwongozo. Iliandikwa wazi. Sina wa kulaumu hapo ila mimi.

Binamu hakunitukana, na hiyo iliuma zaidi. Alianza kupigia wenye mashamba simu akitoka kazini. Wengi walisema hapana, au wameshaahidi watu wengine. Mzee mmoja akakubali. Alisema elki wanaruka ua wake na kumalizia ng'ombe nyasi kavu za majira ya baridi. Kumbe mara nyingi vibali vya aina hii hutolewa kwa shida kama hiyo.

Akaendesha gari kutoka Texas, safari ya siku nzima na zaidi. Alikuwa na likizo ya siku tatu. Siku zote tatu elki walikuwa upande wa pili wa ua, kwa msitu wa umma, ambapo leseni yake haina nguvu. Aliwaona kwa macho. Jamaa aliyeenda naye akamwambia hakuna anayeangalia. Binamu anasubiri uraia, na mtu anayesubiri uraia hachezi na sheria. Akakunja vitu, akarudi nyumbani bila hata mfupa. Hiyo pesa ilikuwa imepangiwa karo ya mdogo wake huku nyumbani, alikuwa ameikopa kwa akiba yake akijua nyama itamrudishia.

Nilipowaambia marafiki, nilipata majibu mawili. Yote mawili sikubaliani nayo.

La kwanza: "Si mabaki ni takataka tu, ulitarajia nini?" Hapana. Kuna leseni zinabaki kwa sababu ni za majike, na wawindaji wengi wanataka pembe za kutundika ukutani. Kwa mtu anayetaka nyama, hiyo si takataka, hiyo ndiyo yenyewe. Nyingine zinabaki kwa sababu eneo liko mbali na mlima ni mkali. Kama una miguu na wakati, hiyo ni yako. Nyingine zinabaki kwa sababu ya P. Kama mjomba wa rafiki yako ana ranchi, hata hiyo ni dhahabu. Kibali ni kilekile, kinachobadilika ni wewe uko na nini. Kwa hivyo swali si "kimebaki?" Swali ni "kimebaki kwa nini, na hiyo sababu inanihusu?"

La pili: "Hao wanawanyonya wageni." Hili lina historia. Miaka ya sabini, Montana ilimtoza mgeni dola 225 kwa leseni ya pamoja yenye elki ndani yake, na mkazi angeweza kupata ya elki peke yake kwa dola 9. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 majaji wakasema jimbo linaruhusiwa, kwa sababu kuwinda elki ni burudani, si haki ya msingi ambayo mtu hawezi kuishi bila hiyo.

Ukiuliza maoni yangu, niko na majaji. Na wewe pia uko nao, hujajua tu. Mgeni kutoka nje akiingia Maasai Mara kati ya Julai na Desemba analipa dola 200 kwa siku. Mkenya analipa kidogo sana ukilinganisha. Umewahi kumlilia huyo mgeni? Sisi uwindaji ulifungwa 1977, kwa hivyo hatugawi leseni za kuua. Tunagawa nafasi ya kuangalia, na tumempa mwenyeji bei yake kwa sababu ndiye anaishi na ndovu wakikanyaga mahindi. Yule mzee wa Colorado naye anaishi na elki wakila nyasi zake mwaka mzima. Binamu anakuja siku tatu. Alipe zaidi, ni sawa.

Lakini ukishakubali kuwa mgeni utalipa zaidi, lazima ujue pia kuwa mgeni anajua kidogo. Hapo ndipo tunaumia. Mkazi anajua barabara gani imefungwa na geti gani lina kufuli. Wewe una ramani na haraka yako.

Na mitego si P peke yake. Wyoming, mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa kwa yale maeneo yaliyotengwa kisheria kama nyika bila mwongozaji au mkazi wa jimbo aliyesajiliwa kwenda naye. Unaweza kununua leseni iliyobaki halali kabisa, kisha ugundue nusu ya eneo lako huwezi kuingia peke yako. Kuna pia ardhi ya umma iliyozungukwa na ya watu binafsi, vipande vimepangwa kama bao la drafti. Mwaka 2021, wawindaji wanne kutoka Missouri walitumia ngazi huko Wyoming kuvuka pale pembe za vipande vinapokutana, bila kukanyaga shamba la mtu. Mwenye ardhi akawashtaki. Mahakama ya rufaa iliwapa ushindi Machi 2025, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi. Miaka minne ya mahakama kwa sababu ya hatua moja juu ya kona. Na hao walikuwa wamesoma ramani yao vizuri kabisa.

Sasa mbona niwaambie haya nyinyi, ambao wengi hamtawahi kushika bunduki?

Kwa sababu mimi niliingia chuo kwa kozi iliyobaki. Niliyoitaka sikupata. Nikaona nafasi ziko wazi kwa kozi fulani ya takwimu, nikabonyeza, mathe akapika kuku, tukapongezana. Sikujiuliza kwa nini nafasi zilikuwa nyingi. Waliosoma mwongozo walijua hesabu ya pale ni moto, na hesabu yangu ilikuwa ya kubahatisha. Nilitoka mwaka wa pili na deni. Darasani kulikuwa na msichana aliyechagua kozi hiyohiyo kwa makusudi, akijua kila mtu anaikimbia. Yeye saa hii anafanya kazi nayo. Mlango mmoja, watu wawili.

Sisemi msichukue vilivyobaki. Nyumba iliyobaki, kazi iliyobaki, kozi iliyobaki, mtu wetu mara nyingi hana kingine cha kuchagua, na mambo mazuri yamebaki mengi tu. Nasema ile furaha ya "imebaki moja, chukua!" ndiyo inatumaliza. Dakika tatu za kusoma kodi zingeokoa karo ya mtoto.

Agosti inakuja na binamu ameniomba tena niwe kwa simu. Nilishangaa. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba kabla ya kulipa atanisomea kodi kwa sauti, herufi moja moja, na mimi nitamwambia kila moja maana yake. Tukikosa kwa sababu ya hizo sekunde, tukose.

Wewe uliwahi kurukia kitu kilichobaki bila kuuliza kwa nini? Andika hapo chini, na useme ukweli. Mimi nimesema wangu.