Usalama barabarani si kazi ya askari peke yake

Chalinze na Makambako ni miji iliyostawi kwenye njia panda. Barabara ndiyo iletayo biashara, na barabara hiyo hiyo ndiyo wanayoivuka watoto waendao shule.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Sababu yake ni dhahiri: mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimamisha gari kwa breki huwa mara nne. Lakini dereva aogopaye tochi tu hupunguza mwendo penye askari, kisha huwawashia wenzake taa kuwatahadharisha. Huyo amejifunza kumkwepa askari, hajajifunza kumlinda mtoto.

Ndiyo maana polisi wa mji mdogo anayeingia darasani, kwenye kijiwe cha bodaboda na katika mkutano wa mtaa, anafanya kazi kubwa kuliko kutoza faini. Walimu hawana budi kumpa nafasi katika ratiba zao. Naye mtumishi wa umma aliyeketi ndani ya gari la serikali linalokimbia ana wajibu wa kumwamuru dereva apunguze mwendo. Sheria isiyomgusa mkubwa haifundishiki kwa mdogo.