Mizizi ya Pirandello

Kuna usemi ambao wanafunzi wetu huuandika katika karatasi za mtihani pasipo kuuchungua: kwamba Luigi Pirandello, Mwitalia, alikuwa mtunzi wa tamthilia, na kwamba mashairi na hadithi alizozitangulia yalikuwa mazoezi ya mkono tu. Usemi huo nathubutu kuupinga.

Kitabu chake cha kwanza, Mal giocondo, kilichotoka mwaka 1889, ni cha mashairi. Sikatai kwamba kina udhaifu wa ujana. Lakini jina lake peke yake limeunganisha maumivu na furaha, na jinsi kicheko na kilio vinavyokutana ndiyo habari aliyoieleza katika insha yake L'umorismo mwaka 1908. Riwaya yake Il fu Mattia Pascal, ya mwaka 1904, yasimulia mtu aliyedhaniwa amekufa, akajaribu kuishi kwa jina jingine, asiweze. Je, swali la nafsi ya mtu na sura yake mbele ya watu halikuwa limekwisha kuulizwa hapo?

Watajibu kwamba sifa zake kuu zilikuja mwaka 1921, ilipochezwa Roma Sei personaggi in cerca d'autore. Ni kweli. Lakini miaka kumi kabla yake, katika hadithi fupi La tragedia di un personaggio, mwandishi huwapokea wahusika wake nyumbani kila Jumapili asubuhi, na Daktari Fileno, aliyetoka katika riwaya ya mtu mwingine, amsihi ampe maisha yaliyo bora. Baadhi ya maneno yake yamerudi kinywani mwa Baba katika tamthilia ile. Liolà nayo, ya mwaka 1916, ilichipuka katika kisa kimoja cha Mattia Pascal.

Tena, ikiwa hadithi zilikuwa mazoezi, kwa nini aliendelea kuziandika hata baada ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934, mpaka mwaka wa kufa kwake, 1936?

Madhara ya usemi huu si madogo. Mwanafunzi asomaye tamthilia peke yake hudhani wahusika wale sita walishuka kutoka mbinguni, na kesho atawapima watunzi wetu wenyewe kwa kipimo hicho hicho. Basi kila afundishaye Sei personaggi na aanze kwa hadithi ya Fileno. Wazee walisema: mwacha asili ni mtumwa.