Almasi na Jicho la Mtu wa Bara

Wapo wasemao, na baadhi yao ni washairi, kwamba uzuri wa vito vya almasi ni jambo la wenye fedha, na kwamba mtu wa Bukene hana jicho la kuutambua. Maneno haya yana kiburi, tena hayana ukweli.

Bukene, wilayani Nzega, ipo kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, katika nchi ya misafara ya karne ya 19. Misafara ile ilipeleka pwani pembe za ndovu, ikarudi na nguo, ushanga na magamba ya konokono wa bahari. Gamba ambalo mtoto wa pwani hulikanyaga mchangani, likishakatwa duara na kusuguliwa, lilivaliwa na watemi wa Unyamwezi kuwa alama ya enzi. Nani basi athubutuye kusema kwamba watu wale hawakujua pambo?

Reli ile ile ikiendelea kaskazini huingia mkoa wa Shinyanga, uliko mgodi wa Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Oktoba 1947 lilipatikana huko jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson akamtunuku Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa arusi yake. Lilikatwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalifanya kitovu cha ua la kubandika kifuani.

Hapo ndipo hoja ilipo. Uzuri wake haukuwa katika uzito, kwani zaidi ya nusu ilisagika. Wala katika bei, kwani lilitolewa bure. Ulitoka katika mkono uliolichonga hata nuru ikaingia moja, ikatoka rangi nyingi. Na mkono huo hauna kabila: Iringa nako kilikuwako kiwanda, Tancut, ambamo Watanzania walikata almasi.

Basi aliyenyimwa kuona asisingiziwe upofu. Kila jiwe kubwa la Mwadui na lionyeshwe kwa wenye nchi, Bukene wakiwamo, kabla ya kuvuka bahari. Na mshairi amsifuye mpenziwe kwa almasi asiyopata kuitazama, na aende kwanza akaitazame. Asipofanya hivyo, atakuwa amemsifu kwa bei, si kwa uzuri.